Canon 700D, Nikon D3300 au nibaki na simu? Picha za mandhari Dodoma, bajeti laki saba

Mtu_wa_Ntyuka

Wakuu habari za jioni. Nisaidieni kuamua kabla hii hela haijapata shughuli nyingine.

Mimi si mpiga picha wa kazi. Harusi sipigi, kipaimara sipigi, msinitume. Ninachopenda ni mandhari: mawe ya huku Ntyuka jua likichomoza, mibuyu ya njia ya Hombolo, mashamba ya zabibu Mpunguzi yakishatoa majani. Napiga kwa simu, halafu usiku watoto wakilala nakaa na chai yangu naanza kuhariri kwenye programu ya Snapseed. Raha yangu iko hapo. Picha uliyokuwa unataka kuifuta, unainua kivuli kidogo, unashusha mwanga wa angani, mara kilima kinajitokeza nyuma ya vumbi, tena hata uliposimama pale hukukiona vizuri. Mama watoto anasema nacheka peke yangu.

Sasa simu imefika mwisho wake. Nikiinua kivuli zaidi ya pale inaleta chenga, na anga la jioni linakatika mistari mistari badala ya kufifia taratibu. Nina laki saba, nikijikamua nane. Nimepata Canon 700D iliyotumika na lenzi ya 18-55 (milimita: 18 inachukua eneo pana, 55 inavuta karibu), au Nikon D3300 iliyotumika na lenzi kama hiyo, au niuze hii simu niongezee nichukue yenye kamera kali. Laptopu ninayo, ya zamani, RAM 8.

Kwa mandhari ya huku kwetu ipi inafaa? Na kuhariri nitumie programu gani?

Bahi_Barabarani

Nimekaa siti ya mbele.

LenziMbili

700D. Kwanza skrini yake inafunguka na kuzunguka. Mbuyu ukiupiga umesimama unaonekana mti wa kawaida tu. Ukiweka kamera chini kabisa, karibu na mizizi, ndipo unapata ule unene wake. Kwa 700D unageuza skrini juu, unaangalia umechuchumaa. Kwa D3300 skrini haigeuki, utalala kwenye miiba na wewe unaijua miiba ya huku.

Pili, inapiga picha tatu mfululizo zenye mwanga tofauti yenyewe: ya kawaida, ya giza, ya mwanga. Unakuja kuziunganisha kwenye kompyuta. D3300 haina hiyo, utabadilisha kwa mkono kila picha na kamera itatikisika.

Chimwaga_Juu

LenziMbili umesema kweli yote, ila umeacha kitu ambacho mtoa mada amelia nacho: vivuli.

Zote mbili nimezitumia. Kuna sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Ya 700D (kamera ya 2013, megapikseli 18) ukiinua vivuli sana inatoa chenga na wakati mwingine mistari. Ya D3300 (2014, megapikseli 24) inavumilia sana. Unapiga kwa ajili ya anga, ardhi inaonekana nyeusi kabisa kwenye skrini, unafika nyumbani unaiinua na udongo unatoka na rangi yake. Mtu ambaye furaha yake iko kwenye kuhariri anahitaji hicho kuliko skrini ya kugeuka.

Kuna watu watakwambia Canon ni bora kwa sababu RAW yake (faili ghafi, kabla kamera haijaibana picha) ni biti 14 na ya D3300 ni 12. Kwenye karatasi sawa, 14 ni ngazi 16,384 za mwanga na 12 ni 4,096. Lakini zile ngazi za ziada za Canon kwa chini zimejaa chenga, hazikusaidii. JPEG, ile picha ya kawaida iliyobanwa, ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, ndiyo maana anga lako linakatika mistari. Kwa hiyo hata ukinunua kamera ya bei gani, ukipiga JPEG unarudi palepale.

MamaKizota

Kabla hujatoa laki saba, hiyo simu yako inapiga RAW? Ingia kwenye mipangilio ya kamera, kwenye zile za kurekebisha mwenyewe. Simu nyingi za miaka ya karibuni zinayo, faili linaitwa DNG, na Snapseed inalifungua bila kulipia. Mimi sina kamera na sina mpango. Natembea na simu na tripodi ndogo kwenye mkoba, nikishuka kwenye daladala jioni naona mwanga mzuri, nasimama napiga. Kamera kubwa ungeiacha nyumbani siku hiyo.

Mtu_wa_Ntyuka

@MamaKizota shikamoo mama. Nimekwenda kuangalia sasa hivi, kumbe inayo! Nimetoka nje nimepiga DNG ya mawingu, nimeifungua. Anga halikatiki mistari tena. Ila kwenye giza chenga bado nyingi.

MamaKizota

Marahaba mwanangu. Chenga hizo hazikwepeki, sensa ni ndogo. Umebakiza kupiga kukiwa na mwanga.

Chimwaga_Juu

Hapo mama amemaliza. Sensa ya 700D ni milimita 22.3 kwa 14.9, D3300 ni kubwa zaidi kidogo. Hata zile simu za bei mbaya zinazotangazwa kuwa na sensa ya inchi moja, eneo lake ni kama theluthi tu ya hapo. Simu "kali" utakayopata kwa kuongeza laki saba haitakuwa hata na hiyo. Hilo chaguo la tatu lifute.

KoloMpakaPahi

Mbukwenyi wadau. Mimi nipo Kondoa, nina D3300 nimeizoea kwa hiyo mjue naegemea wapi. Mnazungumzia sensa, mnasahau vumbi.

Huku katikati ya nchi tuna mvua za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, basi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa imejaa vumbi. Lina ubaya na uzuri. Uzuri wake ni asubuhi: jua likiwa chini, kila safu ya vilima inakuwa na rangi yake, ya karibu ya kahawia, inayofuata ya samawati, ya mwisho karibu ifanane na anga. Huhitaji lenzi pana kwa hizo, unahitaji kuvuta. Kwenye 18-55 weka 55 uchukue safu mbili tatu tu, uache mbele yote. Mibuyu nayo haina majani miezi hiyo, matawi yanachoreka vizuri sana jua likiwa nyuma yake.

Ubaya wake ni kwamba ukibadilisha lenzi nje kwenye upepo, umeisha. Baada ya hapo kila picha yenye anga ina madoa yaleyale mahali palepale, na kila usiku unakaa kufuta madoa badala ya kuhariri. Mwenye lenzi moja ana bahati, aiache hapohapo kwenye kamera.

Januari mpaka Machi, mvua ikishanyesha mchana na kukatika, hewa inakuwa safi kabisa na mawingu yanabaki. Huku kwetu makorongo ya udongo mwekundu yakilowa yanaiva rangi. Hapo ndipo filta ya polaraiza inafanya kazi: inaondoa mng'ao kwenye majani na udongo uliolowa, rangi inatoka yenyewe. Hiyo huwezi kuitengeneza baadaye kwenye programu yoyote, maana chini ya ule mng'ao hakuna rangi iliyohifadhiwa. Simama jua likiwa ubavuni kwako, lisiwe mbele wala mgongoni. Na ukiwa na 18 usiizungushe mpaka mwisho, anga litakuwa jeusi upande mmoja na jeupe upande wa pili.

Kuhariri kwangu ni hivi. Naanza na mwanga wa jumla, sigusi rangi. Nashusha sehemu zenye mwanga mkali mpaka mawingu yapate umbo. Nainua vivuli mpaka niuone udongo, halafu narudisha nyuma robo, kwa sababu kivuli kikipotea chote jiwe linaonekana bapa. Ndipo naingia kwenye rangi: nyekundu na chungwa nazipunguza badala ya kuongeza. Udongo wetu ni mwekundu tayari, ukiongeza kidogo tu unageuka rangi ya ketchapu. Kijani cha mibuyu nakisogeza kidogo kuelekea njano, maana kamera hizi zinakifanya cha samawati mno. Mwisho naiacha picha mpaka kesho. Ya usiku ukiiona asubuhi utajua umezidisha wapi.

LenziMbili

Kesho yake wengine hawaangalii, wanarusha kwenye grupu usiku uleule. Kuna picha za Hombolo zimejaa humo, anga zambarau, maji ya waridi, mbuyu unang'aa pembeni kama umevaa taa. Ni kile kitufe cha HDR Scape cha Snapseed hicho, kinachozidisha mwanga na rangi, nakijua.

Mtu_wa_Ntyuka

😂 Mkuu umenitaja bila kunitaja. Ile ya waridi ilikuwa yangu na naipenda, nimeichapisha iko sebuleni.

MamaKizota

Mwacheni. Sebule ni yake.

Bahi_Barabarani

Mimi swali langu ni programu. Lightroom au hiyo Darktable ninayoisikia?

Chimwaga_Juu

Lightroom ni nyepesi kujifunza, lakini ya kompyuta ni ya kulipia kila mwezi, na ile ya simu baadhi ya vitu vya maana vimefungwa mpaka ulipie. Ukiruhusu picha zipande mtandaoni itakula bando lako lote, faili moja la RAW la D3300 ni zaidi ya MB 20. Darktable ni ya bure, unaipakua mara moja, inafanya kazi bila intaneti. Ila wiki za mwanzo utaichukia, vitufe ni vingi mno. RAM 8 inatosha, utasubiri kidogo tu. Mtoa mada anayependa kukaa usiku na chai yake, Darktable ndiyo mahali pake. Mwenye haraka abaki Snapseed.

LenziMbili

Basi mimi nabaki na 700D yangu na mgongo wangu mzima. Ila mtoa mada, yoyote utakayochukua, usitoe hela kabla hujafanya haya. Weka f/22 (tundu la lenzi likiwa dogo), piga anga tupu, kuza picha uangalie madoa. Madoa machache ya vumbi yanasafishika, mikwaruzo hapana. Kisha toa lenzi, imulike na tochi ya simu kwa nyuma, angalia utando kama wa buibui ndani ya kioo. Huo ni ukungu. Kamera zilizokaa pwani ndizo zenye ugonjwa huo, na nyingi zinazouzwa huku zimetoka Dar. Ukiuona, ondoka hata akushushie bei. Na ukienda Mtera kupiga ile miti mikavu iliyosimama majini, piga maji na miti, achana na ukuta wa bwawa na mitambo. Na kambi za jeshi hata usielekeze.

Mtu_wa_Ntyuka

Asanteni sana. Nachukua D3300, kwa sababu ya vivuli. Jumamosi naenda kuikagua, tochi ninayo. Inayobaki itanunua polaraiza. Swali la mwisho kwa KoloMpakaPahi: filta ya milimita ngapi?

KoloMpakaPahi

Kama ni ile 18-55 ya VR II iliyokuja nayo, ni 52. Ya Canon ni 58, usije ukauziwa hiyo. Hakikisha kwenye ukingo wa lenzi kwa mbele, imeandikwa namba baada ya alama ya duara lililokatwa. Na fokasi kwanza ndipo uzungushe filta, maana kwenye lenzi nyingine za aina hii kioo cha mbele kinazunguka ukifokasi na filta inahama nacho.