Ubao wa tanga: natoka Paje, upepo unanitua Bwejuu kila mara

BintiMwani

Assalaam alaykum. Mie mwalimu wa skuli ya msingi, miaka 36, nimezaliwa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, na ubao wa tanga nimeuanza mwaka huu. Sisemi ule wa kuvutwa na kishada, huo nawaachia wenye mbavu changa. Nasema ule ubao wenye mlingoti na tanga, unasimama juu yake. Kijana wa mtaani kwetu anao mmoja mkongwe aliachiwa na mgeni, ukubwa wake umeandikwa lita 205, tanga lake mita za mraba nne na nusu. Ananiazima Jumamosi.

Kusimama nimeweza. Kulinyanyua tanga kutoka majini nimeweza, ingawa mara ya mwanzo nililivuta kwa kiuno, nikashinda siku mbili najipaka mafuta ya karafuu. Tatizo langu ni kurudi. Natoka hapa kwetu, nakwenda vizuri mpaka nauona mwamba unavyotoa povu, nageuka, narudi, nikifika nchi kavu niko Bwejuu, kijiji cha kaskazini yetu! Jumamosi tatu mfululizo. Narudi kwa miguu, maji ya magoti, nauburura ubao kwa kamba, na kina mama wa mwani wananiuliza, "Mwalimu, leo umeuza nini Bwejuu?"

Nakosea wapi? Na jingine, msicheke: navaa suruali ya kubana, kanzu fupi na mtandio. Mtandio unanifunika macho. Wenzangu wa kike mnavaaje?

Mpiga_Soga

Mwalimu, panda daladala tu. Ubao unakaa juu ya keria.

MtotoWaNgalawa

Waalaykum salaam mwalimu. Mie babangu alikuwa mvuvi wa ngalawa Jambiani, na huo ubao naufundisha mwaka wa tisa sasa. Kabla sijasema kitu: ule ulimi wa katikati, unaoshuka chini ya ubao, unaushusha au unaupandisha?

BintiMwani

Naupandisha. Mwenye ubao kaniambia nisigonge jiwe, basi siku zote uko juu.

MtotoWaNgalawa

Basi mwizi tumemkamata. Ulimi ndio mkuku wako, ule mti wa chini ya chombo. Kusi, upepo wa kusini wa msimu huu, linalisukuma tanga kwa ubavu, na ubao usio na mkuku unakwenda upande kama kaa. Wewe unaona unakwenda mbele, kumbe huku unateleza kaskazini. Ikifika Disemba kaskazi likashika, utateleza vilevile, ila utatokea Jambiani. Ushushe wote kwa mguu maji yakifika kiunoni, uupandishe ukikaribia nchi kavu. Ukija kupata kasi kubwa huko mbele utauona unakusumbua, lakini hiyo si ya mwaka huu.

La pili, joshi, yaani upande unakotoka upepo. Babangu alikuwa akisema ngalawa haibishi, yaani haipandi joshini, ikiwa imesimama. Wanafunzi wangu wote wana tabia moja: wanatoka na upepo wa ubavuni, raha mustarehe, halafu kwenye kurudi ndiyo wanataka kubisha, na hapo wameshachelewa. Wewe anza kubisha unapotoka. Kwanza uache ubao ushike mwendo, kisha ulaze mlingoti nyuma kidogo kidogo, tanga liinamie mkia. Pua itapanda joshini yenyewe. Tanga likianza kutikisika pale karibu na mlingoti umezidisha, rudisha mbele kidogo. Mikono inyooke, uzito uning'inie, na macho yatazame unapokwenda. Najua unatazama miguu. Wote mnatazama miguu.

Tena kugeuka. Ukigeuka kwa kuupa upepo mgongo, unachora duara kubwa na kila duara ni hatua kadhaa za kuelekea Bwejuu. Laza tanga mkiani mpaka pua ivuke upepo, wewe zunguka mbele ya mlingoti kwa vihatua vidogo, kamba mkononi. Utaanguka. Maji ya huko hayana ubaya, ila angukia mgongo, usiruke kwa miguu.

Sasa maji yenyewe. Jumamosi iliyopita ulikuwa na maji kweli?

BintiMwani

Wallahi niliuburura zaidi ya kuupanda. Nilishuka saa nne asubuhi.

MtotoWaNgalawa

Ilikuwa bamvua, mwalimu, maji yanapojaa sana na kupwa sana! Siku za bamvua saa nne maji yamekupwa, unakuta mchanga na vijiti vya mwani. Siku hizo shuka saa nane, yanajaa mpaka kama saa kumi. Wiki ya maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ni kinyume, asubuhi yapo. Huna haja ya jedwali, unaye mama. Muulize kesho anashuka saa ngapi kwenye mwani. Akishuka yeye, wewe baki nyumbani.

Na maji yakianza kutoka kwa nguvu kaa mbali na mlango wa mwamba, mkondo wote unapitia pale.

Bububu_Kijichi

Samahani kaka, miye niko Bububu, nataka kuanza. Lazima mpaka Paje? Pwani si hii hapa mbele ya nyumba?

MtotoWaNgalawa

Ndugu yangu, msimu huu usithubutu. Kwenu ni magharibi, kusi linatoka nchi kavu linakwenda baharini. Ukiona maji ya pwani yametulia kama ya kisimani ndiyo hatari yenyewe, mbele kuna upepo, na utaamkia Saadani, huko bara. Mashariki likikushinda linakurudisha pwani. Na popote ulipo, vaa jaketi la kuelea, na tanga likikushinda ubao usiuache. Lala kifudifudi, tanga lipakie nyuma, piga kasia kwa mikono.

MamaWete

Dada mwalimu, mtandio weka nyumbani. Miye navaa lile vazi la kuogelea la mwili mzima, kofia yake inabana kichwa na haitoki hata ukipinduka. Kanzu ikilowa inakuvuta chini, khasa unapopanda tena ubaoni. Na viatu vya mpira usisahau, kuna wale wadudu wa baharini wa miiba mirefu myeusi. Mimi walinichoma Paje siku ya pili tu, nikapakwa utomvu wa papai bichi, na siku ya tatu nilifundishwa nikichechemea.

BintiMwani

Nimerudi na habari. Jana ilikuwa maji mafu, mama hakushuka, mie nikashuka. Ulimi ulikuwa umekwama kwa mchanga wa miaka, nikaumwagia maji, nikaupiga kisigino mara tatu, ukashuka "tak!" Ubao ukakamata maji, nikahisi kama mtu kaushika kwa chini. Nimebisha tangu naondoka kama ulivyosema, kaka. Kuzunguka mlingoti nimeanguka mara nne, ya tano nikapita. Nimetua nyumba ya pili kutoka kwetu, si Bwejuu. Kina mama hawakuwa na la kuuliza.

Ila nilisahau kuupandisha nilipokaribia. Umegonga jiwe, ncha imechubuka kama ukucha, na mwenye ubao hajauona bado. Ni plastiki ngumu nyeusi. Gundi gani inashika kwenye maji ya chumvi? Naomba jibu kabla ya Jumamosi.