MREJESHO: Nilienda Doha, na nimerudi salama

Wakuu, mtakumbuka niliomba ushauri kama niache kibanda changu cha chipsi Kinondoni niende Qatar kwa mkataba wa miezi mitatu, kazi ya jikoni, Kombe la Dunia la 2022. Mliosema "nenda, ila usimlipe wakala hata senti", Mungu awabariki. Wa kwanza alitaka laki nane. Nilipomwambia sheria ya Qatar inakataza mfanyakazi kutozwa ada ya kuajiriwa, akakata simu. Nikapita kwingine.

Nilipangwa Uwanja wa 974, ule wa makontena kando ya bahari. Ni kumenya, kufunga maboksi ya chakula na kusukuma toroli mpaka miguu inavimba. Mechi sikuona hata moja. Usiku wa Brazil na Korea Kusini, Desemba 5, nilihesabu mabao kwa mtikisiko wa vyuma juu yetu: manne ya Brazil kabla ya mapumziko. Mpishi mmoja Mnepali aliweka kisu chini, akanishika mkono, tukasikiliza tu. Ule usiku siusahau.

Mshahara wa mwisho ulichelewa wiki tatu, lakini uliingia wote. Kibanda nimeshakifungua, na sasa kina friza.