Mrejesho: vipimo vya maji ya rumeni (tumbo la kwanza la ng'ombe), Kisesa

Wakuu, niliuliza hapa kwa nini ng'ombe wale wale walionipa pehachi (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ya 7.4 asubuhi walisoma 6.5 jioni. Mlinijibu: mate yaliyochanganyika na maji ya rumeni. Ni kweli kabisa.

Jumamosi nilirudi Kisesa. Mpira wa kuvutia maji ya rumeni ulipoingia tumboni, kikombe cha kwanza kilitoka na povu jeupe linalovutika. Hayo ni mate, na mate hupandisha pehachi. Nikamwaga. Kikombe cha pili kilikuwa kizito, rangi ya kijani iliyokolea, na pehachi ikasoma 6.4. Nilichuja kwa shashi, nikajaza chupa hadi mdomoni hewa isibaki, nikaiweka kwenye chupa ya chai yenye maji ya nyuzi 39.

Kipimo cha methilini bluu (rangi ya bluu inayotiwa kwenye maji hayo) ndicho kilichonifurahisha zaidi. Bakteria wakiwa hai na wenye nguvu, bluu hupotea kwa dakika 3 hadi 6. Yangu ilichukua 4, ikabaki pete nyembamba ya bluu juu tu, pale hewa inapogusa.

Yule ng'ombe aliyevamia gunia la pumba za mahindi ni habari nyingine: pehachi 5.2, protozoa (vijidudu wa rumeni wanaoonekana kwa hadubini) hawatembei, na kwenye rangi ya Gramu, inayotenganisha makundi ya bakteria, wamejaa bakteria wa zambarau, ilhali kawaida wengi huwa wekundu. Daktari wa mifugo ameshaanza kumtibu. Jana jioni ng'ombe huyo alicheua.

Kuotesha bakteria hao maabara bado. Bila gesi ya kaboni dayoksaidi ya kufukuza oksijeni, wengi wao hufa. Asanteni sana.