Mrejesho: madonge kwenye jeli ya Pluronic F127

Asanteni wadau. Swali lilikuwa: kwa nini unga wa F127 (poloksama 407, polima ambayo ikiwa majini huwa kimiminika kwenye baridi na jeli kwenye joto) hufanya madonge ukitiwa kwenye maji ya joto la kawaida hapa Kisumu?

Ushauri wa kutumia maji baridi umefaulu. Unga gramu 20, maji safi gramu 80. Maji yapoe kwanza hadi nyuzi 4 au 5, unga unyunyizwe kidogo kidogo huku kijiti cha sumaku cha mashine ya kukoroga kikizunguka polepole (ukiharakisha utapata povu tele), kisha chupa ikae kwenye friji usiku kucha. Asubuhi ni kimiminika kiangavu, hata mapovu yamepanda yakaisha.

Aliyeeleza sababu alikuwa sahihi. Kwenye baridi molekuli nzima hupenda maji. Joto likipanda, kipande cha katikati, polipropilini oksaidi, huyakataa. Molekuli hujikusanya kuwa miseli (vitufe vidogo mno vya molekuli), nazo zikisongamana hujipanga kwa mpangilio kama wa fuwele. Hiyo ndiyo jeli. Kwa nyuzi 28, tabaka la nje la donge huwa jeli papo hapo na kuzuia maji kufika ndani.

Ushauri wa kuongeza chumvi sikufaidi nao: hushusha joto ambalo mchanganyiko huanza kuwa jeli, kwa hiyo uligeuka jeli ndani ya sirinji kabla ya kumiminwa. Bila chumvi, sirinji ikitoka kwenye friji, hupita vizuri.

Bado jeli ikizamishwa majini humomonyoka baada ya saa chache. Miseli hazijaunganishwa kwa bondi za kemikali, na friji haiwezi kutibu hilo.