Tupeane uzoefu: mti wenu ulizungukwa na watu wangapi?

Wadau, habari za wikendi. Jumamosi klabu yetu ya matembezi hapa Kampala ilikwenda msitu wa Mabira. Tulikuwa ishirini na wanne, tukaondoka saa kumi na mbili asubuhi kukwepa foleni ya Mukono. Kufika Najjembe, kwenye soko la barabarani, nusu ya watu wakataka kuanza na kuku wa kijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma. Kiongozi akakataa, na mpaka leo wapo walionuna.

Saa nzima ya kwanza niliangalia visigino vya aliyenitangulia tu. Utelezi, mizizi, siafu. Mwongozaji akasimama, akasema, "Ndio huu." Sikuona kitu. Kumbe ule ukuta nilioegemea kunywa maji ndio ulikuwa mzizi wa mti wenyewe, umenipita kimo! Tukashikana mikono kuuzunguka pamoja na mizizi yake: watu kumi na mmoja, na bado mkono mmoja ukawa unatafuta mwenzake. Mwongozaji alituambia rutuba ya msitu kama ule iko juu juu, kwenye majani yanayooza, hivyo mizizi mingi haina haja ya kuchimba chini sana. Mti unajishikiza kwa kutanua mbavu. Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mwaka 2007 serikali ilitaka kutoa kama robo ya Mabira ilimwe miwa, watu wakaandamana Kampala na wengine wakafa.

Nyie je?

Mdau wa Masindi
Mabira ni pazuri, lakini njooni msitu wetu wa Budongo ndugu zangu. Mikangazi! Ipo ambayo ukitaka kuona kilele lazima ulale chali, na mwenzetu mmoja alilala kweli, juu ya njia ya siafu. Tulimvua shati mbele ya akina dada wote wa klabu.

Sisi tulihesabu watu saba tu, maana shina la mkangazi limekwenda juu limenyooka. Ndiyo maana wapasua mbao waliupenda. Sehemu kubwa ya Budongo ilivunwa kwa miaka mingi, na mwongozaji wetu akituonyesha kisiki alikuwa akitaja na kazi yake: hiki kilikwenda kuwa milango, hiki madawati. Baba yangu mzee alikuwa na meza ya mkangazi, nimeila ugali juu yake utoto wote bila kujiuliza ilikotoka. Siku ile nilijiuliza.

Sokwe tuliwasikia tu. Wanapiga mizizi ile mipana kwa mikono na miguu, inalia kama ngoma.

Mama Watatu
Mwenye watoto aende msitu wa Mpanga, kule Mpigi kwenye barabara ya Masaka. Njia ni fupi, saa moja na nusu mmemaliza. Mtini wetu ulikuwa umemkaba mti mwingine mpaka ule wa ndani umekufa na kuoza, pamebaki uwazi. Wanangu wakaingia wote watatu, wakakataa kutoka. Hatukuhesabu watu, tulihesabu walioenea ndani: watoto watatu na mimi nusu. Kurudi tulisimama Mpambire kwa watengeneza ngoma, na usingizi nyumbani kwangu ukaishia hapo.

Msafiri wa Jinja
Samahani nitaharibu ladha. Klabu niliyokwenda nayo mimi ilikuwa inakimbizana na saa. Kilomita kumi na tano, picha, twende. Nilipita miti ambayo pengine imesimama tangu enzi za babu wa babu yangu kama mtu anayepita nguzo za umeme. Nikauliza huu mti gani, nikajibiwa "mkubwa". Sikurudi tena kwao.

Mzee wa Mubende
Wanangu, huku kwetu kuna mti wa Nakayima juu ya kilima. Si wa msituni, umesimama peke yake, na mizizi yake imefanya vyumba. Watu huja kuomba, kila chumba na wenyewe, wanaacha sarafu na buni. Nakayima alikuwa mtumishi wa Ndahura, mfalme wa Bachwezi, wale watawala wa kale wanaoombwa kama mizimu. Kuna klabu ilikuja na mchezo wenu huo wa kushikana mikono. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi mlangoni mwa chumba akawatazama, akawaambia wavue viatu kwanza. Wakavua. Walipomaliza kuvua, hakuna aliyehesabu tena.

Mwanzisha mada
Mzee, shikamoo. Tunakuja mwezi ujao, bila kuhesabu. Mdau wa Masindi, yule mwenzenu wa siafu bado anatembea?

Mdau wa Masindi
Anatembea. Ila halali chali tena.