Somo la utumwa Gredi ya 5: mtoto wa darasa langu ameitwa "misumba" (mtumwa, kwa Kijaluo)

Mwalimu wa Nyalenda, Kisumu
Walimu wenzangu, nimekwama. Juzi nilifundisha utumwa. Nikachora minyororo ubaoni, nikataja soko la Zanzibar lililofungwa 1873, kengele ikalia nikafunga kitabu. Mapumziko nikasikia mvulana mmoja, ambaye mama yake hufulia watu nguo, akiitwa "misumba" na wenzake. Leo hakuja shule.

Kosa ni langu. Minyororo niliichora, mwenye kufungwa sikumchora. Hawajui aliamka kufanya nini, alikula nini, aliitwa nani. Na tafadhali, mambo ya kuigiza mnada, huyu muuzaji na yule bidhaa, msiniletee. Nataka siku nzima ya mtu mmoja. Nianzie wapi?

Binti wa Kisauni (naishi Nakuru)
Pole mwalimu. Anza na karafuu. Nunua za shilingi hamsini pale sokoni Kibuye, kila mtoto ashike tano anuse kwanza. Ndipo uwaambie: Unguja na Pemba mtumwa wa shamba alikwea mkarafuu, na matawi yake huvunjika vibaya, akachuma. Kisha watu huketi kutenga karafuu na makonyo, yaani vijiti vyake, halafu zianikwe kwenye majamvi na kulindwa mvua. Bei yake haikumfikia. Mwilini kaniki tu.

Alhamisi na Ijumaa mara nyingi aliachiwa alime kipande chake, muhogo hasa, ndio uliomlisha. Watakuuliza, "Kumbe alikuwa na likizo?" Mwanangu aliniuliza hivyohivyo tukiwa jikoni, nikaunguza vitunguu. Usilikwepe. Bwana alikuwa amejivua mzigo wa kumlisha, basi.

Halafu majina. Wengi walibandikwa mapya: Baraka, Bahati, Mabruki. Waulize watoto: bahati ya nani? Mama yake alimwitaje?

Mzee wa Elureko, Mumias
Mwalimu, mbona mnakimbilia pwani tu? Misafara ya pembe za ndovu na watu ilifika hapa kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga. Wasimulie William Jones. Myao, alitekwa angali mtoto, akakombolewa, akasomeshwa Nasik kule India, akarudi kutumika misheni ya Rabai, karibu na Mombasa. Mwaka 1885 alipewa ushemasi, na mwaka huohuo akaja huku na Askofu Hannington. Askofu akatangulia Busoga, Uganda, na watu wachache, akauawa. Aliyebaki huku na wapagazi na mizigo, akingoja habari, ni Jones. Akaurudisha msafara hadi Rabai 1886. Mtu aliyewahi kuuzwa! Watoto wa Kisumu wajue alipita karibu na kwao.

Mwalimu wa Nyalenda, Kisumu
Mzee, asante, huyo Jones sikuwahi kumsikia na nimefundisha miaka kumi na moja. Nitaanza na karafuu, yeye nimweke siku ya pili.

Jioni nilipita kwa yule mvulana. Mama yake alikuwa anaanua nguo, akanisikiliza huku akikunja shuka za watu, akasema tu, "Mwalimu, kazi yangu mimi nalipwa. Hilo nalo uwaambie." Nimeliandika kwenye daftari la maandalizi ya somo, tena juu kabisa. Mtoto anakuja kesho.

Binti wa Kisauni, hizo hamsini hazitoshi dada. Darasa lina watoto 62.