Neno "scar" kwa Kiswahili chenye staha ni lipi? Naomba ushauri wa haraka

Karani_wa_Maneno (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nina kazi ya kutafsiri kutoka Kiingereza, ukurasa mmoja tu, nimekwama kwenye neno "scar". Kamusi inanipa kovu, ila nikilisoma naliona kali, kama la mtu aliyepigwa panga. Nimefikiria alama, baka, doa, waa. Nataka neno la heshima ambalo kila mtu analielewa. Kesho saa nne asubuhi linatakiwa kwa mchapishaji. Naomba kuwasilisha.

KamusiKwapani
Mkuu, hayo maneno hayachukui nafasi ya mwenzake. Kovu ni ngozi mpya iliyoziba kidonda kikapona. Doa ni rangi iliyoingia mahali pasipo pake: mafuta kwenye kanzu, damu kwenye shuka. Waa ni doa linaloharibu sura, na hutumika hata kwa jina la mtu. Baka ni sehemu iliyobadilika rangi bila kuumia. Chui ana mabaka na hakuna aliyemjeruhi. Chale imekatwa kwa wembe kwa kukusudia. Kitenzi chake ni kuchanja, na humo ndimo ilimotoka chanjo. Hata nembo, tunayoiona leo juu ya barua za ofisi, zamani zilikuwa chale za kumtambulisha mtu na kabila lake. Alama ni jina la vyote hivyo, na za mtihani pia. Ukiandika alama hujasema kitu.
Halafu ni kovu LA, makovu YA. "Kovu yangu" inaniumiza macho.

Mchimba_Asili
Kiingereza chenyewe kina "scar" mbili. Moja ilianzia kwenye neno la Kigiriki la meko ya moto, likaja kumaanisha gaga la mtu aliyeungua, likapita Kilatini na Kifaransa. Nyingine ni ya watu wa kaskazini ya Ulaya, maana yake mwamba. Gordale Scar kule Yorkshire ni genge la mawe ya chokaa. Na ukishika punje ya haragwe, kile kidoa cha upande wa ndani, palipokuwa na kikonyo cha kuishikilia kwenye ganda, nacho ni "scar". Tuambie kwanza: ni tiba, kilimo au jiografia?

Bi_Mkunga
Lete sentensi nzima, mwanangu. Neno peke yake halitafsiriki.

Karani_wa_Maneno
Shikamoo Bi Mkunga. Sentensi ni ya kawaida, swali la ndiyo au hapana. Nimeshaandika: "Je, una alama yoyote tumboni?" Nilitaka tu kuhakikisha hilo neno alama.

Bi_Mkunga
Marahaba. Tumboni kwa nani? Na nani anauliza?

Karani_wa_Maneno
Ni fomu ya kliniki ya wajawazito. Kiingereza kinauliza kama mama ana "uterine scar". Kizazi nimekiacha makusudi, kwa sababu fomu inajazwa pale kwenye benchi, mume au mama mkwe yuko pembeni. Isitoshe kovu la ndani mama halioni, analoliona ni la tumboni. Na mchapishaji ameshapanga kurasa, sentensi ikirefuka inavuka mstari. Kwa hiyo alama inatosha, au siyo?

Bi_Mkunga
Haitoshi. Simamisha uchapaji.
Mjamzito ukimuuliza alama tumboni, atasema ndiyo kwa michirizi, kwa chale za mganga, kwa ule mstari mweusi wa ujauzito unaoshuka kutoka kitovuni. Aliyepasuliwa kidole tumbo au ngiri naye atasema ndiyo, na kizazi chake hakijaguswa. Halafu yuko aliyetolewa uvimbe wa kizazi kwa kamera, matundu matatu manne madogo kama punje ya harage. Huyo atasema hapana, na kizazi chake kina kovu. Ndiye hasa fomu inayemtafuta.
Kovu la kizazi linaweza kupasuka uchungu ukikolea. Kwa aliyekatwa mlalo, chini ya kizazi, akajaribu kuzaa kawaida, ni karibu mama 1 kati ya 200. Aliyekatwa wima sehemu ya juu, hatari ni kubwa mara kadhaa, hupangiwa upasuaji kabla uchungu haujaanza. Na mshono wa nje hausemi ukweli wa ndani: ngozi inaweza kuwa na mlalo, kizazi kikawa na wima.

MtuKwao
Shida yote ni kuona aibu na lugha yetu wenyewe. Kizazi ni kizazi, kina tusi gani?

Chujio
Hii ni chai. Tangu lini fomu ya wajawazito ikatafsiriwa na mtu mmoja usiku, anaulizia mtandaoni? Ni swali la mtihani wa tafsiri, amewaletea mumfanyie. Ndiyo maana sentensi alikuwa anaificha.

KamusiKwapani
Nami nimeanza kushuku. Karani, swali linalofuata kwenye fomu linasemaje?

Karani_wa_Maneno
Sikuificha, niliogopa kuambiwa kazi imenishinda. La 7 ndilo hilo. La 8 linauliza idadi, nimeandika "Alama ngapi?" La 9 ni la "scar" ya njia ya uzazi, nimeandika "kovu la chini". La 10 ni "keloid", nimeliacha tupu.

Bi_Mkunga
Mtunga mtihani asingejua kuyapanga hivyo. Hiyo ni fomu.
La 8 ni hatari kuliko la 7. Wodini tukisema "ana makovu mawili", maana yake kizazi kimepasuliwa mara mbili. Lakini daktari kwa kawaida hupitia mshono uleule, kwa hiyo kwenye ngozi mama anaona mstari mmoja. Atajibu moja. Uliza "mara ngapi".
La 9, tumia lugha ya leba: "Uliwahi kuongezewa njia au kuchanika wakati wa kujifungua?"

KamusiKwapani
La 10 halina neno moja ambalo watu wote wanalo. Eleza: "kovu linaloendelea kuvimba na kutanuka kupita pale palipokatwa". Hapo kwenye kupita ndipo penye tofauti, maana kovu lililovimba tu hubaki ndani ya mipaka ya kidonda.

Dogo_Kinyozi
Wakuu, na haya ya kidevuni yanaondoka kwa ndimu?

Bi_Mkunga
Ndimu inachoma ngozi. Kovu lililovimba hufunikwa kwa karatasi ya silikoni saa 12 au zaidi kwa siku, miezi 2 hadi 3. Mengine fungua uzi wako, baba.

Karani_wa_Maneno
Nimeandika upya. Kovu limetoka kabisa kwenye swali la mama:
"7. Je, umewahi kufanyiwa upasuaji wa kizazi? Mfano: kujifungua kwa upasuaji, kutolewa uvimbe kwenye kizazi, kushonwa kizazi kilichopasuka. 8. Mara ngapi? Mara ya mwisho mwaka gani?"

Bi_Mkunga
Ongeza mwezi na hospitali. Mwezi, kwa sababu mimba ikifuata mapema mno kovu linakuwa bado changa. Hospitali, kwa sababu huko ndiko kwenye faili linaloonyesha mkato ulikuwa wa mlalo au wima. Neno kovu liweke kwenye sehemu ya muuguzi, anayepima tumbo kwa macho na mikono: "Kovu la upasuaji: lipo / halipo".

Chujio
Nimeondoa neno langu la chai. Lakini bado hakuna mama hata mmoja aliyeisoma.

Bi_Mkunga
Hapo umesema. Isomwe kwa akina mama watano. Usiwaulize kama wameelewa, watasema ndiyo. Waambie waeleze kwa maneno yao wanaulizwa nini.

Karani_wa_Maneno
Mchapishaji anasema akipata kurasa kabla ya saa tatu anaweza kubadilisha. Kliniki inafungua saa moja na nusu. Muuguzi wa zamu amekubali kuisoma pale kwenye benchi.